Mzee wa Somanga na maji ya Askari

Juzi nilikuwa napekua droo natafuta kadi ya gari, nikakutana na cheti cha chanjo cha mbwa wetu Askari. Kimejikunja, wino wa muhuri wa daktari wa mifugo umesambaa, na pembeni kuna doa la udongo ambalo halijatoka mpaka leo. Siku ile kilikuwa mfukoni mwa Baba Neema, na shati lake liliroa chepechepe.

Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam kwenda Mtwara kwa barabara ya kusini, kilomita zaidi ya 550, sisi wawili na Bobi na Askari kiti cha nyuma. Neema alikuwa hajazaliwa bado. Ndugu walituuliza kwa nini tusiwaache mbwa kwa jirani. Hatukuona sababu ya kuwaacha. Tuliwachanja kichaa cha mbwa, tukapakia bakuli zao, kamba, dumu la maji na mkeka wao, tukaondoka.

Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, hakuna neno. Kwenye Daraja la Mkapa tulipunguza mwendo tuuone Mto Rufiji, na Baba Neema, ambaye kwao ni Lindi, akanisimulia tena habari za kivuko cha Ndundu: kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, mto ukifurika abiria walilala ng'ambo na mizigo yao, wengine na wagonjwa wao. Sasa unavuka karibu kilomita nzima ukiwa umekaa kwenye kiti. Napenda anavyoisimulia. Huwa anasimulia kama mtu anayemshukuru mtu.

Baada ya daraja kiyoyozi kikakata. Tukashusha vioo vyote, lakini upepo ulioingia ulikuwa wa moto. Bobi ni mwembamba, alitoa kichwa nje akatulia. Askari ana kifua kipana na pua fupi, na mbwa hana jasho kama sisi. Joto analitoa kwa kuhema. Tulipokaribia Somanga nilisikia pumzi yake imebadilika. Nikageuka. Ulimi ulikuwa umeanza kuwa wa zambarau, mate mazito yananing'inia, macho yananitazama lakini hayanioni.

Tukasimama kwenye mwembe wa kwanza tuliouona, mbele ya nyumba. Baba Neema alimbeba, miguu ya nyuma imelegea kabisa. Mimi nikampigia rafiki yetu, daktari wa mifugo. Alisema maneno machache: kivulini, maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, tumboni, makwapani na kwenye nyayo, halafu mpepee. Dumu letu lilikuwa limebaki na maji ya kikombe.

Pale barazani alikuwepo mzee, kanzu yake nyeupe, kofia kichwani. Hata shikamoo haikunitoka vizuri. Akanyanyuka.

"Marahaba, mwanangu. Huyo kazidiwa na joto. Mlazeni hapo hapo."

Akawaita wajukuu, akawatuma kisimani. Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Alichukua jembe, akachimba shimo dogo mchangani, kadiri ya sufuria ya wali. Akatandika kipande cha nailoni, akakibana kingo kwa mawe manne, taratibu, kama anatengeneza kitu cha kudumu. Ndoo ilipofika hakuiweka chini. Aliinyanyua mpaka usawa wa kifua na kumimina kutoka juu, kwa wembamba, bila tone kumrukia.

"Mimi nina udhu wangu wa adhuhuri," alisema. "Nitamimina kwa mbali. Nyinyi msugueni."

Ndoo ya pili akaimimina juu ya Askari mwenyewe, kuanzia shingoni kushuka mgongoni, na sisi tukawa tunayapeleka maji tumboni kwa viganja. Bibi mmoja akatokea mlangoni, akaturushia kipepeo cha ukili. "Mkimaliza ondokeni nacho," akasema. Wajukuu wakakimbia tena kisimani, na tena.

Nilimwambia mzee samahani kwa usumbufu. Akanijibu kwamba Mtume amesimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. "Sisi tuna ndoo," akamalizia, akaenda kuiongeza.

Askari aliinua kichwa muda mrefu baadaye. Akanusa ile nailoni, akalamba mara moja, akapumzika, akalamba tena. Baba Neema aligeukia gari na kukaa hivyo kitambo.

Safari iliyobaki ilikwenda haraka. Kutoka hapo tulisafiri usiku tu. Kilwa Masoko tulipokezana: mmoja anavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani kuuona Msikiti Mkuu, katika mji ule ule alioufikia msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, mwingine anabaki kivulini na mbwa. Lindi gesti moja ilitukataa, tukalala kwa shemeji. Mikindani Askari alijilaza kwenye maji ya kina kifupi, akakataa kutoka.

Wakati wa kurudi tulisimama Somanga asubuhi mapema na sukari na sabuni. Fedha tulishajaribu siku ile, akazikataa. Mzee alituona kwa mbali: "Na mgonjwa?" Askari akavuta kamba kumwendea, mkia hautulii. Mzee akarudi hatua mbili, mkono juu, anacheka. "Hapo hapo, baba. Tusalimiane hivi hivi."

Baba Neema anaamini yule mzee alikuwa anapenda wanyama, ila dini ndiyo iliyomweka mbali. Mimi niliziangalia zile hatua mbili. Nadhani hakuwapenda mbwa hata kidogo, na maji alitoa. Tumelizungumza hili mara nyingi, na juzi usiku, cheti kikiwa mezani, tulilianza upya mpaka Neema akatuuliza tunagombania nini.