Gundi inayoachia ukiimulika

Muulize fundi simu yeyote wa Ngamiani hapa Tanga, atakwambia kubadilisha kioo kilichopasuka kazi yenyewe ni gundi. Simu inalazwa kwenye sahani ya moto, halafu unapitishwa waya mwembambaaa kati ya kioo na display, unavutwa huku na huku taratibu, ukizidisha moto kidogo tu display inapiga weusi na hapo mteja hataki maelezo. Na gundi mpya ikishapakwa wanaikausha kwa taa ya UV, ule mwanga usioonekana kwa macho, ikishika imeshika, molekuli zimefungana moja kwa moja hairudi nyuma.

Sasa kuna gundi za kurudi nyuma bana, na mi ndo zinaninyima usingizi siku hizi. Nyingi zinatumia kemikali inaitwa azobenzini. Molekuli yake kwa kawaida imenyooka, ukiipiga UV inajikunja, ukiipiga mwanga wa bluu au kijani inanyooka tena. Zikiwa zimenyooka zinalala pamoja vizuri zinashikana, kitu kinakuwa kigumu, zikijikunja hazipangiki tena, basi gundi inayeyuka hapohapo bila moto wowote, ukitaka ishike tena unabadilisha taa tu.

Kyoto kule Japani timu ya mkemia Shohei Saito mwaka 2016 walitoka na yao, hawakutumia azobenzini, wao molekuli yao ina umbo la V. Inashika hata kwenye nyuzi 100 za joto, ukiimulika UV sekunde chache nguvu inashuka kama asilimia 85, na ukiipasha moto inarudi gundi.

Ila kwa simu bado. Azobenzini ina rangi ya njano-chungwa, nani anataka kuangalia status kwa rangi ya juisi ya embe? Halafu rangi hiyohiyo inakula mwanga wote juujuu, ukipaka nene chini kunabaki kugumu, kwa hiyo lazima ipakwe nyembamba, na upande mmoja upitishe mwanga, chuma kwa chuma sahau. Na jua lenyewe lina UV, simu umeiacha kwenye dashibodi ya bajaji saa saba mchana pale stendi, sijui kioo kitakuwa kimebaki wapi 😂

Mi naona zitaanzia viwandani, kushikilia kipande kwa muda wakati kinakatwa au kusuguliwa halafu kinamulikwa kinaachia, ndani ya chumba ambacho taa unaipangia mwenyewe. Mafundi wetu waendelee na waya kwanza.