Pleti namba ya gari niliyoiunda mwenyewe huku Uingereza, ilivyonihangaisha mpaka ikakaa sawa

Jumapili asubuhi, jua limetoka vizuri, niko barabara ya A46 karibu na Coventry na gari yangu ambayo nimeiunda kwa mikono yangu miaka miwili na nusu, mara naona taa za bluu kwenye kioo. Nikapaki pembeni. Wakashuka trafiki wawili, mmoja akaja dirishani, yaani hata dirisha gari yenyewe haina, mwingine akaenda moja kwa moja mbele akachuchumaa akaweka kiganja juu ya stika ya namba niliyobandika kwenye boneti. Akaniuliza swali moja tu: "Bwana, hii wakati unanunua walikuomba kadi ya gari?"

Hawakuniomba. Niliagiza mtandaoni usiku, nikaandika herufi na tarakimu nilizotaka, nikalipa, siku tatu ikafika kwa posta. Pale pale nikaelewa nimekosea wapi.

Sasa ngoja nirudi nyuma maana najua kuna Waswahili huku ughaibuni wanaopenda hizi kitkaa, kuna mmoja Leicester ameshaniuliza mara tatu, na wengi wanafikiria kazi ni injini na kuchomelea, kumbe mimi kilichonisumbua kuliko vyote ni hicho kibati cha namba.

Kitkaa ni gari unayonunua vipande vipande kutoka kiwandani, chesisi, bodi ya faiba na vikorokoro vingine, halafu injini na giaboksi unatoa kwenye gari nyingine ya zamani. Yangu ni ile ya pua ndefu, iko chini, viti viwili, haina milango, matairi ya mbele yako nje. Mimi nimekulia gereji Tanga, baba alikuwa fundi, kwa hiyo nilichinja Mazda MX-5 iliyosajiliwa Novemba 1997, nikachukua injini, giaboksi, difu na raki ya stelingi. Kuchinja ilikuwa wikiendi mbili tu, hiyo sehemu sina hata la kusimulia.

Ishu ya kwanza ni namba yenyewe utapewa ya aina gani. Huku DVLA, yaani mamlaka ya kusajili magari, ambao wako Swansea, ndo wanaamua, na kwa gari ya kuunda kuna njia tatu. Ukitumia vitu vipya vitupu kutoka kwa mtengenezaji wa kitkaa, isipokuwa kimoja tu ambacho kinaweza kuwa kimekarabatiwa kuwa kama kipya, unapewa namba ya mwaka huo huo. Ukiwa na chesisi mpya ya kiwandani pamoja na vipande vikubwa viwili kutoka gari moja ya zamani, kwa mfano injini na giaboksi, unapewa namba ya umri wa ile gari ya zamani. Na ukishindwa kuthibitisha vitu vyako vimetoka wapi unapewa namba inayoanza na Q. Hizi Q zipo tangu 1983, maana yake umri au asili ya gari haijulikani. Sio kosa kuwa nayo, unaendesha kama kawaida, ila haitoki tena, huwezi kuibadilisha kwa namba ya kununua, na mtu akija kununua gari anaiona kabla hajaona kitu kingine chochote.

Mimi Q sikuitaka kabisa. Nilichofanya, na hapa naomba mtu anisikilize vizuri, kabla sijafungua nati hata moja kwenye ile Mazda nilipiga picha: namba ya chesisi, namba ya injini, kadi ya gari imewekwa juu ya dashibodi, kilomita zake. Halafu kila kitu kilichotoka nikapiga picha kikiwa bado kwenye Mazda na tena kikiwa kwenye gari mpya. Risiti zote nikatia kwenye faili moja jekundu, mpaka risiti ya riveti. Mke wangu alikuwa ananicheka, "Baba watoto, hilo faili unalilinda kuliko pasipoti zetu." Kweli nililinda. Kwa sababu kuna jamaa mmoja tulikuwa tunajenga kipindi kimoja, yeye alinunua injini huku, giaboksi kule, kwa watu tofauti, pesa mkononi hakuna karatasi, na aliishia na Q.

Kabla ya DVLA lazima upite ukaguzi unaitwa IVA. Ulianza 2009, kabla ya hapo kulikuwa na SVA. Nilitoa pauni 450 na gari nikaipeleka juu ya trela. Mara ya kwanza sikupita, na sababu mojawapo ilikuwa kibati cha kushikilia pleti namba ya nyuma! Wana tufe la milimita 100, popote tufe linapoweza kugusa nje ya gari ukingo wake lazima uwe umeviringwa, nusu kipenyo isipungue milimita 2.5, ili ukimgonga mtu usimkate. Kibati changu nilikikata kwa grenda kwenye alumini ya milimita 3 nikaacha kingo zake kali kama wembe. Mkaguzi alipitisha kidole akatikisa kichwa. Alikuwa na haki, nikikumbuka vile kilivyokuwa hata mimi nisingetaka mtoto wangu akisogelee. Nikarudi nyumbani nikakaa na tupa na msasa jioni nzima, halafu nikaona alumini nyembamba vile huwezi kupata huo mviringo, nikachukua raba ya ukingo nikaivalisha pande zote. Mara ya pili nikapita.

Baada ya hapo nikatuma makaratasi Swansea, fomu ya V55/5 pamoja na V627/1 ambayo unaeleza kila kipande kimetoka wapi, picha, risiti, kadi ya Mazda, cheti cha IVA, bima, na pauni 55 za usajili. Nikasubiri kwa wiki kadhaa, kila posta ikipita nachungulia. Ilipokuja ile bahasha nikafungua nikiwa nimesimama mlangoni, namba inaanza na R. R ndo herufi ya magari yaliyosajiliwa Agosti 1997 mpaka Julai 1998, yaani umri wa Mazda yangu. Nilifurahi kupita kiasi, nikampigia mdogo wangu Tanga saa nne usiku za kule.

Na ndo furaha hiyo iliniponza. Pleti ya nyuma nilienda dukani, nikaonyesha kitambulisho na kadi ya gari, wakanitengenezea, sawa kabisa. Mbele ndo kazi. Gari kama hii pua yake ni mdomo wa rejeta mtupu, hakuna bampa, hakuna sehemu iliyonyooka. Pleti ya kawaida ni milimita 520 kwa 111, ukiiweka mbele ya mdomo inaziba hewa, na nilijaribu, kwenye foleni mshale wa joto ulipanda mpaka nikazima injini. Wengi wenye gari za aina hii wanabandika stika juu ya boneti, nikaona wote wanafanya basi na mimi nikafanya. Kosa.

Yule trafiki kwa kweli alinieleza vizuri, hakunifokea, na alisifia gari kwanza. Alisema stika ina makosa matatu. Moja, imelala na boneti, sheria inataka pleti isimame wima au karibu na wima kadiri inavyowezekana, namba isomeke kirahisi umbali wa mita 21 na nusu. Pili, haiakisi mwanga, kwa hiyo usiku kamera haiisomi. Tatu, haina alama ya kiwango wala jina na posta kodi ya aliyeiuza. Kiwango chenyewe kinaitwa BS AU 145e, tangu tarehe 1 Septemba 2021 kila pleti mpya lazima iwe nacho, herufi nyeusi tii, zile za vivuli vya kijivu hazikubaliki tena. Akaniandikia pauni 100, nikapewa siku 28 za kulipa. Haina pointi kwenye leseni, lakini kesi ikifika mahakamani inaweza kufika pauni 1,000 na gari haipiti MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Nililipa usiku ule ule.

Nilivyofika nyumbani nikabandua stika kwa maji ya moto, nikachukua rula nikaanza hesabu, na hapa ndo nilipopata dawa. Wengi hawajui kwamba sheria haikulazimishi pleti iwe na urefu wa milimita 520, inachopima ni herufi na nafasi zake. Herufi urefu 79, upana 50, unene wa mstari 14, kati ya herufi na herufi 11, kati ya fungu na fungu 33, na pembezoni isipungue 11. Namba yangu ni herufi moja na tarakimu tatu, halafu herufi tatu. Kwa hiyo saba mara 50 ni 350, nafasi za fungu la kwanza 33, za fungu la pili 22, katikati 33, pembeni mbili 22, jumla 460. Urefu wa juu kwenda chini 101. Yaani nimepata pleti fupi kwa sentimita 6 na nyembamba kwa sentimita 1, na kila kitu halali. Ukiipanga mistari miwili inakuwa 255 kwa 199, hiyo nayo ni halali, ila kwangu ingerudi kuziba mdomo ule ule.

Kuna mtu alinishauri niweke saizi ya pikipiki, herufi za milimita 64. Nikakataa. Zile kwa magari ni kwa baadhi ya gari zilizoingizwa kutoka nje ambazo sehemu yake ya pleti haitoshi, gari uliyoiunda hapa Uingereza haimo. Asikudanganye mtu eti gari yako ni ndogo.

Basi nikaenda duka lile lile la mwanzo na kadi yangu na karatasi ya vipimo. Kijana wa dukani akapima mwenyewe kwanza, hakuniamini, halafu akakata. Nikaitundika chini ya mdomo wa rejeta, imesimama wima kabisa, hewa inapita juu yake. Tatizo gari iko chini mno, tuta la kwanza lingeivunja. Nikakata kipande cha raba nene ya mkanda wa mashine, kile kigumu chenye nyuzi ndani, nikakifunga kama bawaba kati ya chesisi na pleti kwa bolti nne za milimita 5, vichwa vyake nikavivika vifuniko vyeupe mbele na vya njano nyuma, kwa sababu bolti nyeusi ikikaa kwenye herufi inaweza kuifanya isomeke vingine na hilo nalo ni kosa. Sikuichimbia kwenye faiba hata kidogo, faiba inapasuka.

Kama ningeanza upya ningeweka pleti ya mbao ya 460 kwa 101 mbele ya chesisi siku ile ile chesisi inashuka kwenye trela, kabla hata ya kuchagua rejeta. Ningechagua rejeta fupi zaidi. Mimi niliifikiria namba wakati rangi imeshakauka.

Kitu kimoja kiliniuma kidogo. Nilitaka bendera ya Tanzania kwenye pleti, pale kushoto wanapoweka bendera. Hairuhusiwi, wanakubali ya Uingereza nzima, ya England, ya Scotland au ya Wales tu. Kwa hiyo nimeipaka rangi kwa brashi nyuma ya kiti cha abiria, ndogo kama kiganja, mbali na pleti. Kijani, njano, nyeusi, njano, bluu. Kila nikifungua turubai ndo naiona kwanza.

Mdogo wangu nilimtumia picha ya mbele na ya nyuma, akajibu, "Kaka, mbona mbele ya biashara nyuma ya binafsi?" Maana kwetu njano ni gari ya mtu binafsi na nyeupe ni ya biashara, nikamweleza huku karibu kila gari ni nyeupe mbele njano nyuma, akasema haya, lakini injini lini nitamsikilizisha. Nikawasha nikashika simu karibu na ekzosti mpaka salio likaisha.

MOT imepita mwezi uliopita. Fundi alichuchumaa pale pale alipochuchumaa trafiki, akaisukuma pleti kwa kidole gumba, ikarudi nyuma, akaiachia, ikarudi wima. Akasoma maandishi madogo ya chini, akaandika, akaenda kwenye breki.