Barua ya Kwanza kwa Sudan Kusini

Mwezi Julai 2011 nilikuwa afisa wa itifaki katika ubalozi mdogo wa Kenya mjini Juba, na kazi niliyopewa juma lile la uhuru haikuwa na fahari yoyote: kutayarisha karatasi ambazo zingeiwezesha nchi yetu kuzungumza na dola ambalo hadi Ijumaa jioni lilikuwa bado halijazaliwa.

Wengi hudhani kwamba kuitambua nchi na kuanzisha nayo uhusiano wa kibalozi ni jambo moja. Kuitambua ni tamko la upande mmoja, na Khartoum yenyewe, iliyopigana na Kusini kwa zaidi ya miaka 20, ilitangulia kulitoa tarehe 8. Uhusiano, kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1961, huhitaji ridhaa ya pande zote mbili, na kwa desturi ridhaa hiyo huandikwa, hutiwa mhuri na kupelekwa inakohusika. Lakini ipelekwe kwa nani? Serikali ya Juba, ikiwa na mamlaka ya ndani tu, ilikuwa na Wizara ya Ushirikiano wa Kikanda, si ya Mambo ya Nje; nasi tulikuwa tukihudumu kwa idhini ya Khartoum, ambayo ingekosa maana mara moja.

Jumamosi tarehe 9 tulisimama juani kwa saa nyingi kwenye kaburi la John Garang, aliyeongoza vita vya Kusini dhidi ya Khartoum. Spika James Wani Igga alisoma tangazo la uhuru, bendera ya Sudan ikateremshwa, na ile mpya ikapanda huku watu wakilia na kupiga vigelegele. Ukiondoa pembetatu ya buluu yenye nyota, rangi zake ni zetu kabisa, na sikushangaa: mazungumzo ya amani yalifanyika Machakos na Naivasha, na mkataba ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005.

Jumatatu nikaipeleka barua. Kijana wa mapokezi, aliyekulia Kenya kama wakimbizi wengi wa vita vile, aliigeuza bahasha mara mbili.

“Karibu, kaka. Hii ni ya wizara gani?”

“Ya Mambo ya Nje.”

“Basi umefika,” akacheka. Jalada la daftari la barua lilikuwa bado na jina la zamani. Akalikata kwa rula na kalamu nyekundu, akaandika jipya juu yake, ndipo akanipa nitie saini. Nimeshuhudia hafla nyingi za mabalozi kuwasilisha hati zao za utambulisho, lakini hakuna iliyonipa uhakika kama ule mstari mwekundu.

Tarehe 14 Umoja wa Mataifa uliipokea Sudan Kusini kuwa mwanachama wa 193. Jibu la barua yetu lilipokuja lilikuwa na ombi pia, kwamba ofisi yao ya uwakilishi jijini Nairobi nayo ipandishwe hadhi kuwa ubalozi, na tukalituma makao makuu siku hiyo hiyo.