Seli zisizosahau

Uyole, saa nne usiku, baridi ya Julai ile ya kuvaa soksi mbili na bado vidole hauvisikii. Mdogo wangu ana wiki mbili tangu amalize dripu zake za steroidi, zile za siku tatu, na jicho la kushoto limeanza kurudi. Anasema kwa jicho hilo nyekundu ilikuwa inaonekana kama kitenge kilichofuliwa sana.

Kwa mnaoniuliza inbox, hajarogwa. Ni maltipo sklerosisi, kinga yake mwenyewe inashambulia mailini, lile ganda linalozungushia nyuzi za neva kama plastiki ya waya wa umeme.

Mimi nimekwama kwenye neno kumbukumbu. Seli T za kumbukumbu, yaani askari wa kinga wanaokariri adui, ndo zilezile zinazotulinda, kirusi akirudi mara ya pili zinaamka chapchap kuliko mara ya kwanza, sasa za huyu dogo zimekariri kitu cha mwilini mwake. Zinaamkia wapi lakini? Watafiti kina Alexander Flügel kule Göttingen, Ujerumani, walifuatilia seli T zinazoshambulia mailini ndani ya panya walio hai, na 2009 wakaonyesha zinatambaa kwenye kuta za mishipa ya utando unaofunika ubongo, tena nyingi kinyume na mkondo wa damu, yaani kama mtu anapandisha mteremko wa Inyala kwa miguu malori yote yanashuka. Zikishatoka nje ya mshipa zinazungukazunguka palepale kwenye utando mpaka zikutane na seli inayozionyesha kipande cha mailini.

Na hapo ndo pamenikosesha usingizi. 2013 waliziwekea protini inayong'aa, seli ikiwa imetulia mwanga unakaa pembeni ya kiini, ikitambua tu inachokitafuta kalsiamu inapanda na ndani ya dakika chache mwanga umehamia ndani ya kiini. Unaiona kabisa seli inakumbuka.

Nikamkumbuka mama na genge lake la viazi Mwanjelwa. Kuna baba alikopa debe akapotea, miaka mitatu, siku moja mama kamuona mtu anapita na koti la kijani, kaacha mizani na mteja juu, kamkamata mkono, "Wewe! Debe langu!" Soko zima likageuka. Kumbe siye, koti tu na ule mwendo. Mama aliomba radhi mpaka akampa yule baba sado ya viazi bure.

Kwa hiyo 2022 watafiti wa Marekani waliopitia taarifa za wanajeshi zaidi ya milioni 10 na kukuta aliyeambukizwa kirusi cha Epstein-Barr hatari yake ya ugonjwa huu inapanda mara 32, mimi sikushangaa sana. Protini moja ya kirusi hicho inafanana kidogo na protini ya kwenye ubongo. Koti la kijani. Japo wengi wetu tunacho hicho kirusi na hatuumwi, so kuna mengine pia.

Nimemuonyesha dogo video ya seli hizo kwenye simu, akafumba jicho zuri akaangalia na lile bovu. Vidoa vinatambaa, vinasimama, vinatambaa.

"Hiki kimesimama, ndo kimekumbuka?"

"Labda."

"Kiambie siye mimi," akavuta blanketi.