Pwani ya Kusini bila gari: nilivyomtembeza Mama Diani kwa matatu na tuktuk

Mama yangu alikuwa amefika miaka 72 bila kuikanyaga bahari, nami nikaamua ataikanyaga. Gari sina, na kila niliyemwuliza habari za Diani, ufuo ulio kusini mwa Mombasa, alinipa namba ya dereva wa teksi. Nikajiuliza: wapishi wa hoteli, watandika vitanda, walinzi, wauza korosho na watoto wa shule wa Diani, wao huendaje? Hawaendi kwa teksi kila siku. Basi usafiri upo, na una saa zake na mahali pake pa kusubiri. Nilichohitaji ni kuzijua saa hizo na kupanga likizo yetu juu yake.

Tulitoka Nakuru, tukalala Nairobi kwa dada yangu, asubuhi tukapanda treni inayosimama Emali, Mtito Andei na Voi. Wengi huipenda ya alasiri kwa kuwa haisimamisimami, lakini hiyo hufika Mombasa usiku, na sikutaka kumvusha kwa feri ya Likoni usiku mtu anayelalamikia goti. Treni ya asubuhi hukufikisha Miritini, kwenye stesheni ya Mombasa, mapema alasiri, na jambo hilo linabeba uzito mkubwa kuliko starehe ya kiti. Jioni, wote wanaofanya kazi kisiwani Mombasa na bandarini hurudi ng'ambo kwa pamoja, na feri hujaa ikawa huwezi hata kuinua mkono ujipanguse jasho. Ukifika kabla ya saa kumi utapata mahali pa kuweka begi chini.

Nje ya stesheni madereva walitaka kutupeleka moja kwa moja kwa barabara ya Dongo Kundu, ambayo inatoka upande wa Miritini na kutokea Kibundani, Kwale, bila kugusa feri. Ni barabara nzuri, na familia ya watu wanne au watano wanaochangia nauli wataifurahia. Sisi wawili tulipanda matatu ya mjini, kisha tukabadilisha tukachukua ya feri.

Kivuko cha Likoni hakimtozi chochote anayevuka kwa miguu. Wanaolipa ni wenye magari. Unachotoa ni subira. Lango likifunguliwa watu huteremka kwa kasi, na hapo mzee anaweza kusukumwa. Nilimweka Mama pembeni, tukaacha wimbi la kwanza lipite, ndipo tukateremka taratibu tukifuata ukingo. Kijana mmoja aliyebeba ndoo ya rangi alitukuta tukihangaika na mkoba.

“Shikamoo mama. Nipe huo nikushikie, wewe nishike mkono.”

“Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki.”

Tulipokuwa tayari ndani, feri haikung'oa nanga. Meli kubwa ya makontena ilikuwa inaingia bandari ya Kilindini, na feri haina budi kuipisha. Ilipita karibu nasi kiasi kwamba Mama alilazimika kurudisha kichwa nyuma ili aone makontena ya juu kabisa, mekundu na ya buluu, yamepangwa safu juu ya safu. Alimwuliza yule kijana, “Kwa hivyo hii ndiyo bahari?” Akamjibu, “Huu ni mlango wake tu, mama. Bahari yenyewe waifuata.” Simu yangu ilibaki mfukoni wakati wote huo, kwa sababu kupiga picha kivukoni ni marufuku na walinzi hawana mzaha.

Ukishuka Likoni unapanda mlima kidogo hadi stejini, katikati ya wauza mahamri, viazi karai na mihogo ya kukaanga. Makanga wanaita kwa sauti moja: Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga, Kwale. Usifuate sauti, soma ubavuni. Kila matatu ina mstari wa njano, na juu ya mstari huo imeandikwa inakotoka na inakokwenda. Nilimwuliza mama mmoja aliyekaa na kuku wake kikapuni nauli ya Ukunda ni ngapi kabla sijamwuliza makanga, akaniambia shilingi 150, na hiyo ndiyo niliyolipa. Tabia hii niliishika safari nzima: kwanza mwulize abiria, halafu konda. Pia subiri gari linalofuata kama lililopo limebakisha kiti cha nyuma tu. Konda alipomwona Mama alimwondoa rafiki yake kiti cha mbele na kusema, “Mama keti hapa, ujionee njia.” Goti lake lilinyooka hadi Ukunda, tukapita Ng'ombeni, Waa na Tiwi, minazi na mikorosho pande zote.

Wageni wengi hukosea mahali pa kulala, na hapa nitasema kwa urefu. Ukunda ni mji, uko kwenye barabara kuu inayokwenda Lunga Lunga hadi mpaka wa Tanzania. Diani iko kilomita chache mashariki yake, na barabara ya ufukweni inakimbia sambamba na bahari, kaskazini hadi Kongo, kusini kuelekea Galu na Kinondo. Barabara inayotoka Ukunda inaikuta hiyo ya ufukweni na kufanya njia panda. Matatu na tuktuk zote hupita hapo. Ukilala karibu na njia panda hiyo, kila gari ni lako, liwe la kaskazini au la kusini. Ukilala mwisho kabisa wa Galu kwa sababu picha za chumba zilikuwa nzuri, kila mkate na kila dawa ya maumivu ni safari. Tulichukua chumba cha kawaida chenye jiko dogo, umbali ambao Mama aliweza kuutembea bila kupumzika njiani. Bahari hatukuiona dirishani, na hilo halikutupunguzia chochote.

Barabara ya ufukweni inaishi kwa saa za hoteli. Alfajiri hadi kama saa mbili magari yanafuatana, yamejaa watu wa zamu ya asubuhi waliovaa sare zao. Baada ya hapo yanapungua, lakini viti vinapatikana, na huo ndio wakati wa mzee. Mchana zamu zinabadilishana, magari yanaongezeka tena. Jioni pia. Usiku zamu ya mwisho ikishatoka, unabaki na tuktuk na bodaboda, na bei inategemea maneno yako. Ijumaa ujipange mapema: kuanzia adhuhuri madereva wengi huenda kuswali, steji inakuwa kimya, na wewe pia unafaa kuwa umekaa mahali unakula. Tulikaa, tukala wali wa nazi na samaki, na magari yaliporudi tukaendelea.

Tuktuk ina bei mbili. Ukiingia iliyosimama stejini inangoja watu watatu nyuma, unalipa kiti chako, na kutoka njia panda hadi Ukunda kiti kilikuwa shilingi 50. Ukiisimamisha njiani ikiwa tupu, dereva atadhani unaikodi yote, na atakutoza yote. Kwa hiyo kabla ya kuketi sema wazi, “Twachangia au nakodi?” Swali hilo moja lilitosha. Sikuona dereva akikasirika. Alijibu tu, tukaenda. Tulipompata mmoja mwendeshaji mpole, asiyeyavamia matuta, nilihifadhi namba yake na kumwita kila tulipotaka kurudi usiku.

Kitu kilichonikera ni njia za kushukia baharini. Ufuo wa Kenya ni wa umma, hakuna hoteli yenye mchanga wake, lakini mbele ya bahari kumejengwa mfululizo, na vijia vya umma ni vichache na vingi havina kibao. Mlinzi wa hoteli moja aliturudisha langoni. Aliyetuokoa ni konda. Nilimwambia, “Tushushe panapopitika hadi pwani, mama hawezi kutembea sana,” akatushusha kwenye kijia chembamba kati ya kuta mbili ambacho ningekipita mara mia bila kukiona. Makonda na wauza nazi wanavijua vyote. Bado nasema kwa dhati kwamba kaunti ingeweka kibao kwenye kila kijia cha umma, kikubwa, kinachosomeka kutoka ndani ya matatu. Mama yangu ana haki na maji yale sawa na mgeni aliyelipia chumba cha mbele.

Na ufike wakati maji yapo. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa nzuri ya jana si ya leo. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, hurudi mbali kweli, unabaki na mwani na mawe makali, jambo baya kwa mguu wa mzee. Kila usiku nilimwuliza mvuvi au muuza madafu maji yatajaa saa ngapi kesho, ndipo nikachagua matatu ya kupanda. Mama alipoingia hatimaye, maji yalimfika magotini, akasimama akiwa ameshika leso yake kwa mikono miwili. Akasema goti limepoa. Alikataa kutoka kwa muda mrefu sana.

Safari yake aliyoipenda kuliko zote ilikuwa barabara yenyewe. Juu ya barabara ya ufukweni zimetundikwa ngazi za kamba kutoka mti hadi mti, zimewekwa na shirika la kuhifadhi mbega lililoanzishwa Diani mwaka 1997, kwa sababu mbega walikuwa wakigongwa na magari walipovuka. Siku moja dereva wetu wa tuktuk alizima injini bila kuambiwa. Mbega mmoja mweusi, mabega yenye manyoya marefu meupe, alikuwa anavuka juu yetu na mtoto amemkumbatia tumboni, mtoto mweupe pee. Dereva akatueleza kwamba mbega hana dole gumba, ndiyo maana hushika tawi kwa vidole kama ndoano. Ndani ya teksi yenye vioo vyeusi tungepita chini yao kwa kasi.

Kaskazini tulikwenda hadi Kongo, kuona msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na ambao bado unaswaliwa, umezungukwa na mibuyu karibu na mahali mto Mwachema unapoingia baharini. Tuktuk inakufikisha karibu. Mkodishe dereva kwenda na kurudi, kwa sababu kule mwisho magari ya kupita ni adimu. Kusini, Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda. Unaingia na mwongozaji, umejifunga kitambaa cheusi, na unatembea kwa adabu. Mama alijifunga chake kabla sijamaliza kusikia maelezo.

Gazi ilitaka mpango zaidi. Kutoka Ukunda unapanda matatu ya Msambweni au Lunga Lunga, unamwambia konda mapema, anakushusha barabarani penye njia ya kuingia kijijini. Bodaboda zipo, lakini kwa Mama nilingoja tuktuk. Kina mama wa Gazi wana njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko hadi ufike karibu na bahari, na unatembea juu ya tope bila kulikanyaga. Jamii hiyo hulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha zake zimeingia kwenye maji na shule. Wakati wa kurudi simama upande wa barabara unaoelekea Ukunda, mahali dereva atakuona kutoka mbali, na uondoke kabla ya giza, maana jioni matatu nyingi hupita zikiwa zimejaa tayari. Shimoni, kusini zaidi, niliiacha kwa sababu hiyo hiyo: iko mbali na barabara kuu, na sikutaka kumbahatishia Mama gari la kurudi.

Siku ya kuondoka hesabu inageuka. Asubuhi umati wa Likoni unaelekea kisiwani, kwa hiyo usivuke saa hizo za kazi. Tulikunywa chai bila haraka, tukatoka Ukunda umati ukiwa umekwisha kuvuka, na feri ilikuwa na nafasi hata ya kukaa. Safari hii treni ya alasiri ndiyo ilitufaa, maana Nairobi dada alikuwa anatungoja stesheni. Fika Miritini na muda wa kutosha: mizigo hupangwa chini mbwa wainuse, halafu unaonyesha kitambulisho na tikiti. Mama alisahau kitambulisho chake ndani ya begi lililokuwa tayari limepangwa mstarini, ikabidi tungoje mbwa wamalize.