Mabango ya Neoni na Vibao vya Bati Ninavyovichora

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikichora mabango ya zamani kwa rangi za akriliki: mabango ya neoni, yaani ya mirija ya kioo yenye gesi, yaliyokuwa yakiwaka kando ya barabara kuu za Marekani, ambayo nayajua kwa picha tu, na vibao vya bati vya hapa Unguja, ambavyo nimekua nikipita chini yake. Wanaokuja kunitembelea Kikwajuni huniuliza kwa nini nisichore majahazi na milango ya kuchonga kama wafanyavyo wenzangu wanaouza Forodhani na Shangani. Majahazi nayapenda, lakini yana wachoraji wengi wa kuyakumbuka, na kibao cha kinyozi hakina.

Hamu hii ilinianza gizani. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme, kwa hitilafu iliyotokea katika njia ya umeme unaotufikia kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Nilikuwa bado skuli. Mtaani kwetu duka moja la dawa lilikuwa na jenereta, na dirishani mwake palikuwa na maandishi ya mrija mwekundu ambayo siku zote nilikuwa nikiyapita bila ya kuyatazama. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, nikasimama mbele yake, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Wekundu ule haukuishia kwenye mrija: ulipanda ukutani, ukajaa katika nyufa za chokaa, ukashuka kwenye baraza ya jirani ukiwa umegeuka kahawia, halafu zambarau, na mwisho nisijue tena ni rangi au ni giza. Siku ambazo umeme upo, taa za jirani huufuta wekundu wote huo, ukabaki mrija peke yake. Kila bango la neoni ninalolichora leo hulianza kwa giza la usiku ule.

Nasema hulianza kwa giza kwa maana yake halisi. Anayejifunza huchukua nyekundu kali kuliko zote dukani, akachora herufi juu ya turubai jeupe, kisha akashangaa kuona haziwaki. Rangi haitoi nuru. Huirudisha tu nuru inayoiangukia, na hapana rangi katika chupa inayopita weupe wa titani. Kwa hiyo mimi hupaka turubai zima giza kwanza, si kwa nyeusi ya dukani, ambayo huwa kama shimo, bali kwa mchanganyiko wa buluu ya altramarini na kahawia iliyoungua, ambao ukiutazama kwa karibu una uhai ndani yake. Juu ya giza hilo nachora njia ya mrija kwa nyeupe tupu na kuiacha ikauke sawasawa. Ndipo napaka nyekundu ya machungwa iliyoyeyushwa sana kwa kimiminika cha akriliki, nikianzia kingoni mwa mrija na kuuacha ukanda mwembamba wa katikati ukiwa karibu na weupe. Mwisho ni ule wekundu wa ukutani: tabaka sita au saba za rangi nyepesi kama chai iliyopoa, kila moja ikisambazwa kwa sponji yenye unyevu na kukauka kabla ya kufuatiwa na nyengine. Ukiharakisha hapo, tabaka ya juu huibandua ya chini na halo yote, yaani ule mng'ao unaouzunguka mrija, huwa madoa.

Ule ukanda mweupe, kwa kusema kweli, ni uongo tuliofunzwa na kamera. Jicho likitazama mrija wa neoni huuona mwekundu mpaka kati. Kamera ndiyo inayozidiwa na nuru ikauandika mweupe. Nilijaribu kuuchora kama jicho linavyouona, na picha ikatoka kama bango la plastiki. Tangu hapo nimeukubali uongo huo.

Mchoraji wa mabango haya ananufaika sana kwa kujua namna yanavyofanya kazi. Gesi ya neoni iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, na mwaka 1910 Mfaransa Georges Claude akaonesha mirija yake mikubwa Paris. Kioo hupashwa moto na kukunjwa kwa mkono hadi kifuate umbo la herufi, hewa ikatolewa, gesi kidogo ikatiwa, na umeme wa maelfu ya volti ukapitishwa kutoka ncha moja hadi ya pili. Neoni yenyewe huwaka nyekundu ya machungwa tu. Buluu hutokana na gesi ya argoni pamoja na tone la zebaki, na rangi nyengine nyingi hupatikana kwa unga wa fosfori uliopakwa ndani ya kioo. Kwa sababu hiyo, bango likiwa limezimwa, mrija wa nyekundu unaweza kuwa wazi kama glasi tupu, wakati mrija uliopakwa fosfori huonekana mweupe kama chaki. Tena neno zima mara nyingi ni mrija mmoja uliopinda na kurudi, na vipande vinavyounganisha herufi hupakwa rangi nyeusi ili usiku visionekane. Mchoraji asiyejua haya huviacha vipande hivyo, na bango lake huonekana kama maandishi ya kompyuta.

Mimi hupendelea kuyachora yakiwa yamezimwa, hasa yale ya Route 66, barabara ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi Los Angeles, na baadaye ikafikishwa Santa Monica. Wenye mahoteli madogo ya njiani walishindana kumvuta dereva aliyechoka, na kwa kuwa dereva huyo angeweza kupita mchana pia, herufi zilipakwa rangi juu ya bati kwanza, kisha mrija ukafuata juu yake. Barabara kuu mpya zilipochukua magari, na Route 66 ikaondolewa katika orodha rasmi mwaka 1985, mabango mengi yalibaki kwenye jua. Mrija ukivunjika, ile rangi ya chini huendelea kutangaza vyumba ambavyo havipo. Kuchora hali hiyo ni kazi ya kutu, na kutu mimi naijua. Mtu aliyelelewa karibu na Malindi ya hapa Unguja, penye bandari, hahitaji kufunzwa chumvi inavyokula bati kuanzia kwenye tundu la msumari.

Akriliki na hali ya hewa yetu vinahitaji kuzoeana. Akriliki ni chembe za plastiki zinazoelea ndani ya maji pamoja na rangi. Maji yakikauka chembe hushikana na hazirudi tena kuwa majimaji. Wakati wa kaskazi rangi hukauka kwenye paleti kabla brashi haijafika, nami hutandaza kitambaa chenye maji chini ya karatasi ninayochanganyia. Wakati wa masika tabaka moja hunisubirisha mpaka Alasiri. Zaidi ya hayo, rangi mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa ikikauka, kwa hiyo huijaribu kwanza kwenye kipande cha boksi. Kosa langu kubwa nililifanya mwezi wa Februari, nilipozifunga picha mbili uso kwa uso na kuzipeleka Dar es Salaam kwa boti. Akriliki hulainika kwenye joto. Nilipozibandua, herufi O ya neno MOTEL iliondoka upande mmoja ikahamia juu ya anga la picha ya pili. Sasa sifungi picha bila ya karatasi ya kuokea katikati.

Vibao vya kwetu nilifunzwa kuvitazama na fundi mmoja mzee wa Mlandege, aliyeandika mabango kwa rangi ya mafuta maisha yake yote. Nilimkuta akipima kibao cha duka la vitambaa. Alihesabu herufi na nafasi zake kwa vidole, akapaka uzi chaki, akauvuta na kuupiga mara moja juu ya bati, ukaacha mstari mweupe ulionyooka kuliko rula.

“Shikamoo, mzee. Mbona unaanzia katikati?”

“Marahaba, mwanangu. Ukianzia kushoto, kulia patakutia aibu.”

Akaegemeza mkono kwenye fimbo iliyofungwa kitambaa nchani, akaivuta S kwa miondoko miwili bila ya kupumua. Herufi yake ilikuwa na kivuli chekundu upande wa chini kulia, na kila aliyewahi kutembea Darajani anakijua kivuli cha namna hiyo hata kama hajawahi kukitaja. Mabango yaliyochapishwa kwa mashine, ambayo sasa yamejaa kila mtaa, hayana mkono wa mtu ndani yake, na hilo linaniuma.

Mwezi uliopita kinyozi wa jirani aliweka bango la kuchapisha, akanipa kibao chake cha zamani badala ya kukitupa. Kimeegemea ukutani hapa karibu na turubai, kina mkasi, kichwa cha kijana mwenye nywele zilizokatwa bapa, na matundu manne ya misumari. Nilipokifuta vumbi, gamba la rangi lilianguka chini ya neno KINYOZI, na chini yake pakatokea kijani na herufi tatu za mkono mwengine: KEL. Kabla ya kuwa cha kinyozi, kibao hiki kilikuwa cha fundi baiskeli. Nimeshachanganya kijani hicho mara tano tangu jana, na bado kina umanjano kidogo kuliko cha kwenye bati.