Ugeni wa Jirani

Kigoma, Jumapili 20 Septemba 2020

Jana Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi alikuwa hapa mjini. Aliapishwa Juni, na safari yake ya kwanza nje ya nchi hakuipeleka Brussels wala Paris, wala hata Dar es Salaam. Kaileta Kigoma, kuonana na Rais Magufuli, ambaye wiki hizi yuko mbioni na kampeni. Wakakutana Uwanja wa Lake Tanganyika.

Mimi sikwenda. Nilikaa kibarazani kwa mama mdogo, mtaani Mwanga, redio ikiwa juu ya meza kati ya madumu ya mawese. Wengi niliokuwa nao pale walikuwa wanasikiliza kwa sikio moja. Hotuba za wakubwa wakikutana zinajulikana: sisi ni ndugu, mipaka waliweka wakoloni, tufanye biashara. Yote kweli. Tena kuhusu mipaka ni kweli kuliko wasemavyo, kwa sababu Ruanda-Urundi na huku kwetu vilikuwa koloni moja la Mjerumani hadi Vita ya Kwanza. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaingia kutoka Kongo, wakachukua Kigoma, wakafika hadi Tabora. Baadaye Mwingereza akapewa Tanganyika, Mbelgiji akabaki na Burundi na Rwanda, na hata hivyo hakuondoka Kigoma moja kwa moja: kwa mkataba wa 1921 alipewa eneo lake hapa bandarini na jingine Dar es Salaam, kodi faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Mama mdogo analipia fremu yake ghali kuliko ufalme wa Ubelgiji.

Lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye uwanja wenyewe.

Mei 2015 uwanja ule ule haukuwa na jukwaa wala zulia. Nkurunziza, rais wa Burundi wa wakati huo, alikuwa ametangaza kugombea muhula wa tatu, Bujumbura ikachafuka, na tarehe 13 akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Afrika Mashariki, jenerali mmoja akatangaza kumpindua. Jaribio lilishindwa. Watu walikuwa wameshaanza kukimbia wiki kadhaa nyuma. Makumi ya maelfu waliteremka Kagunga, kijiji chetu cha mwisho kaskazini, kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ambako enzi hizo ulikuwa unafika kwa boti au kwa miguu tu. Maji ya kunywa ni hayo hayo ya ziwa, vyoo hakuna, kipindupindu kikaingia. Ikabidi MV Liemba, meli ya Wajerumani ya tangu 1915, iwe inawachota mia kwa mia na kuwaleta mjini. Kutoka gatini walipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, wakisubiri mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu.

Nilikwenda siku hizo na mama mdogo, tumebeba kanga kuukuu na uji kwenye ndoo. Nakumbuka harufu ya klorini ilivyoshika puani, na watoto wamelala kwenye ngazi za majukwaani, kila mmoja na utepe mkononi. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika funguo za nyumba yake, anazigeuza tu vidoleni. Tulizungumza naye Kiha, lugha yetu, akatujibu Kirundi, hakuna aliyehitaji mkalimani. Akauliza kama maji ya uwanjani yanauzwa. Mama mdogo akamwambia hayauzwi, kisha akageuka pembeni akafuta uso kwa ncha ya kanga.

Sijui kama jana kuna aliyekumbuka hilo pale jukwaani. Mimi ningependa alitaje mtu, hata kwa sentensi moja. Si kumwaibisha mgeni. Mgeni mwenyewe anayajua maisha ya kukimbia: mwaka 1995 alikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Burundi wanafunzi wenzake Wahutu walipouawa, akanusurika, akaingia msituni na waasi wa CNDD-FDD. Miaka hiyo serikali ya Rais Buyoya wa Burundi ilikuwa inailaumu Tanzania kila kukicha kwamba makambi yetu yanafuga waasi, na Tanzania inakana. Leo chama kilichotoka kwa waasi hao ndicho serikali, na rais wake anapokewa kwa mizinga ya maneno matamu. Dunia inazunguka, ila hesabu za nyuma hazijafungwa.

Kibarazani palikuwa na mzee mmoja, kuli mstaafu wa bandari, ambaye ana hesabu yake ya zamani zaidi. Mwaka 1973, anasema, jeshi la Burundi lilivuka likaua watu kwenye vijiji vya mpakani upande wetu, likidai linawafuata Warundi waliokimbia. Wafanyakazi wa bandarini hapa Kigoma wakasusia shehena ya Burundi. "Kahawa yao ilikaa ghalani hivi," akanyoosha mikono kuonyesha urefu wa magunia, "na hakuna mkubwa aliyetuamuru. Baadaye wakubwa walipatana. Kupatana ni kazi yao. Kubeba ilikuwa kazi yetu, tukaweka chini." Kijana mmoja wa bodaboda akamuuliza kama anaichukia Burundi. Mzee akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama anaichukia mvua. Mke wake ametoka Makamba, huko huko Burundi.

Na hao waliokuwa wakifuatwa ndio watu wa 1972. Aprili mwaka ule uasi ulianzia kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac, na serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, waliosoma wakitangulia: walimu, makarani, wanafunzi. Wanaokadiria waliokufa wanaanzia laki moja, wengine wanafika laki tatu. Waliopona wakapita hapa hapa, wengine wakapelekwa Ulyankulu kule Tabora, kisha Katumba, na baadaye Mishamo. Wakakata msitu wakalima. Waliambiwa ni kwa muda.

Mwalimu Nyerere uzeeni alihangaika sana kuipatanisha Burundi. Buyoya alipopindua tena Julai 1996, viongozi wa kanda walikutana Arusha wakaifungia Burundi biashara, na vikwazo vile vilidumu hadi Januari 1999. Mwalimu alifariki Oktoba mwaka huo kabla ya kuona mkataba wa amani. Mandela ndiye aliyemalizia, ukatiwa saini Arusha 28 Agosti 2000. Haya tunayasimulia kwa fahari, nami nayasimulia hivyo hivyo. Tusichosimulia ni kwamba mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati mazungumzo yanaendelea, jeshi letu liliwazoa watu wenye asili ya Burundi vijijini mwetu na kuwaingiza makambini, hata walioishi huku miaka mingi, wenye wake na mashamba. Nilikuwa mdogo. Mtaa wa pili kulikuwa na fundi baiskeli. Siku moja banda lake likabaki na rimu zimening'inia.

Kwa hiyo undugu, kwetu Kigoma, haujawahi kuwa habari mpya ya kutangaziwa uwanjani. Tunao, na ndio unaotuponza. Muha akisafiri kwenda mikoa mingine, lafudhi yake peke yake ni kesi: anadhaniwa Mrundi. Kaka yangu aliwahi kuteremshwa kwenye basi pale kizuizini, kitambulisho cha taifa mkononi, akaulizwa mwenyekiti wa kitongoji alichozaliwa bibi yetu alikuwa nani. Bibi kazaliwa kabla ya vitongoji! Basi likaondoka. Alifika kwa lori la chumvi la Uvinza, ananuka dizeli, na tangu siku hiyo akiongea na watu wa mbali hujitahidi kuongea kama mtu wa Pwani. Inachekesha kumsikia. Mama mdogo hacheki.

Na sasa kuna hili la kurudisha watu. Agosti mwaka jana, 2019, serikali hizi mbili zilikubaliana kuharakisha kuwarejesha wakimbizi wa Burundi kuanzia Oktoba, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikakumbusha kwamba kurejea ni kwa hiari. Kambi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu mwaka huu wa 2020 bado zina watu wengi. Naelewa uchovu wa wenyeji. Kuni zimeisha, na Kasulu na Kibondo zimepokea watu tangu sijazaliwa. Lakini marais wawili wakishikana mikono huku wakubwa wakisema kwamba Burundi imetulia, mtu aliye kambini hasikii habari. Anasikia tarehe.

Aliyenikalia rohoni zaidi jana hakuwa mkimbizi tena. Ni dada fundi cherehani anayeshona mbele ya duka la mama mdogo. Alizaliwa Ulyankulu, wazazi wake wakiwa watu wa 1972 kutoka Rumonge. Ni mmoja wa wale zaidi ya 162,000 walioidhinishiwa uraia wa Tanzania mwaka 2010, na cheti akakipata mwaka 2014, kakiweka kwenye nailoni ndani ya Biblia. Muda wote wa hotuba alikuwa anashona gauni la kitenge la mtu, hainui kichwa. Redio ilipofika kwenye makofi akasimamisha cherehani.

"Wakimaliza hapo," akasema, "wamuulizie shamba la baba. Lina michikichi, linatazama ziwa. Kuna watu wanakaa humo tangu mwaka ule."

Watu wakacheka, naye akacheka. Ila jioni, wateja wameshapungua, alirudi kwenye hilo jambo kwa utulivu. Hataki kulidai shamba. Anajua waliomo nao wamezaliwa humo, wamezika humo. Anataka kuliona tu, awapigie picha ndugu zake waliobaki Ulyankulu, maana mama yao kila akieleza lilipo anabadilisha upande wa mto. Amepanga kwenda Desemba kwa njia ya Manyovu. Kirundi chake ni cha kambini, cha wazee, anaogopa watamcheka, hivyo anaomba nimsindikize.

Nimemwambia nitakwenda, dada. Kwenda sina wasiwasi nako hata kidogo. Kwa ajili ya kurudi, nimeanza kukusanya leo: cheti changu cha kuzaliwa, cha mama, kadi ya kliniki, na baba mkubwa ameahidi kunitafutia ile stakabadhi ya kodi ya kichwa ya babu, ya enzi ya Mwingereza, kama panya hawajaiwahi.